Bene inapanda pole: hesabu segonde, usiguse ile visi



Kamio mingi zinazobeba mawe ya chokaa hapa Kabimba ni za zamani. Zilifika kwetu kisha kutumika miaka mingi kwa watu wengine, zingine zilivuka ziwa, zingine zilikuja kwa barabara tunayoijua wote. Moteri bado inawaka, na matairi tunayabadilisha tukipata. Lakini kuna kitu kinazeeka ndani yake bila kelele: ule mtambo wa mafuta unaoinua bene. Haufi siku moja. Leo bene inapanda segonde 30. Kisha miezi michache inapanda segonde 50. Mvua inapofika tunasikia dakika mbili, na hakuna mtu anaweza kusema ilianza siku gani, kwa sababu shofere anazoea kidogo kidogo, sawa vile mzee anazoea macho yake kupungua.

Njo pale maneno yanaanza. Mahali shofere analipwa kwa turu, au anapata primi akimaliza hesabu ya turu, shefu anakuja na karatasi: "Wenzako wamefanya 20, wewe 18. Unalala pale chini?" Shofere anajitetea kwa mdomo, na mdomo hauna nguvu mbele ya karatasi. Basi tuchukue karatasi na sisi. Kama bene inapaswa kupanda kwa segonde 25 na inapanda kwa segonde 120, kamio inapoteza segonde 95 kila mara inapomwaga. Mara 20 kwa siku, ni segonde 1900, karibu dakika 32. Nusu saa nzima imeliwa na pompi iliyochoka, wala mtu hajalala. Ongeza wakati bene inashuka, na wakati kamio za nyuma zinangojea nafasi, ile turu mbili zinazokosekana mmeziona zilikoenda.

Falanga ni upande mmoja. Upande mwingine ni kwamba bene pole inafundisha watu tabia mbaya. Shofere anayesukumwa haingojei ishuke mpaka chini. Anaondoka nayo ikiwa juu nusu, na pale juu kuna nyaya za umeme, na kamio yenye bene juu inapinduka bure kwenye kilima kidogo. Msaidizi anaona inasimama katikati, anaingia chini yake kuangalia. Na mekanisie, kwa sababu wanamharakisha, anakamata ufunguo na kukaza visi.

Juu ya ile visi nataka kusema kwa urefu, kwa sababu nimesikia shauri lile lile kwenye garaji nyingi: "Leki, kaza robo tu, utaona itapanda." Na kweli siku ingine inaonekana kama imepanda vizuri zaidi. Ni udanganyifu.

Mafuta yanayosukuma bene yana mambo mawili, na watu wanayachanganya. Kuna wingi wake, maana yake litri ngapi pompi inatuma kila dakika. Na kuna presio yake, maana yake nguvu gani yanasukuma. Uzito unainuliwa na presio. Haraka inatoka kwa wingi. Mfaransa Blaise Pascal alielezea jambo la presio katika karne ya 17, na Mwingereza Joseph Bramah akalitengenezea mashini London mwaka 1795. Kamio yetu inatumika kwa akili ile ile. Kamata vereni, ule mkono wa chuma unaosukuma bene, wenye upana wa santimeta 15. Uso wake wa ndani ni karibu santimeta mraba 177. Ukiweka presio ya bari 150, ni karibu kilo 150 juu ya kila santimeta mraba, unapata zaidi ya tani 26 za kusukuma. Mtu hawezi kuamini kwamba mafuta ya tanki ndogo yanafanya vile, lakini njo hesabu.

Sasa upande wa haraka. Tuseme vereni inahitaji litri 30 ili inyooke yote. Pompi ikituma litri 60 kwa dakika, bene itafika juu kwa segonde 30. Pompi ile ile ikiwa imelika ndani, nusu ya mafuta inarudi nyuma kupitia nafasi za meno yake, inabaki litri 30 kwa dakika, na bene inakamata dakika nzima. Presio inaweza kuwa bado nzuri kabisa. Mawe yatainuka. Yatainuka pole.

Ile visi inakaa juu ya valvu ndogo tunayoweza kuiita mlinzi wa presio. Kwenye garaji mnasikia "limiteur". Chini yake kuna resori. Presio ikipita kipimo ambacho waliotengeneza kamio walichagua, na kwa kamio nyingi za bene ni kati ya bari 150 na 200, resori inakubali, valvu inafunguka, mafuta yanarudi kwenye tanki. Inalinda mipira, inalinda pompi, inalinda vereni, inalinda kichwa chako. Kukaza visi hakuongezi hata litri moja. Kunamwambia mlinzi afumbe macho. Siku bene itabeba mawe yaliyolowa na kushikamana nyuma, presio itapanda mahali haikupaswa kufika, na kitakachopasuka ni mpira wa zamani unaopita karibu na miguu ya mtu.

Kuna hali moja ambapo mlinzi mwenyewe ni mgonjwa. Uchafu unaingia chini ya valvu, au resori inachoka, basi inabaki wazi kidogo na mafuta yanakimbia kabla ya kufanya kazi. Utaijua kwa sababu bene tupu inapanda, yenye mawe inakataa, na karibu na valvu unasikia mlio wa kupuliza na chuma kinakuwa moto. Hata pale dawa si kukaza. Dawa ni kuitosha, kuisafisha, kubadilisha resori, na kuiweka tena kwa manometa. Mekanisie asiye na manometa hana ruhusa ya kugusa ile visi, hata kama ana miaka 30 ya kazi. Sikio halipimi bari.

Basi tufanye nini kabla ya kufungua kitu? Tupime. Kila mtu leo ana simu yenye saa ya segonde. Kamio isimame mahali pa sawa. Pima bene tupu kutoka chini mpaka juu, kisha pima yenye mawe. Pima asubuhi mafuta yakiwa baridi, pima tena saa nane yakiwa moto. Andika zote nne. Namba zile nne zinasema mengi kuliko mabishano ya saa mbili.

Ikiwa asubuhi inapanda vizuri na mchana inachoka, mafuta moto yamekuwa mepesi na yanapita mahali palipolika: fikiria pompi kwanza. Ikiwa asubuhi inakataa na mchana inaamka, mafuta ni mazito kuliko inavyotakiwa, au filtri ya kuvuta imeziba. Mtu aliweka mafuta ya moteri kwa sababu ya hydraulic yalikosekana, tunajua namna gani mambo yanakwenda. Ikiwa pompi inalia kama mbuzi aliyefungwa, inanyonya pasipo na mafuta ya kutosha. Zima haraka, kwa sababu pompi inayolia vile inajila yenyewe. Povu kwenye tanki ni hewa inayoingia upande wa kuvuta, mara nyingi kwa kola ya mpira iliyolegea. Na mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yana mayi ndani.

Bene inayopanda vizuri kisha inashuka yenyewe ni ugonjwa mwingine. Kwa vereni za ngazi ngazi, zile zinazotokeza bomba ndani ya bomba, mafuta yakipita kwenye joini utayaona yakishuka nje. Ukikuta vereni kavu na bene inaendelea kushuka, angalia distribiteri, pale mkono wa shofere unapoamuru. Bene ya namna hii isimamishwe siku ile ile. Kungojea mwisho wa posho ni kutafuta maiti.

Kuna mambo madogo ambayo watu wanapita juu yake. Mafuta ya tanki yapimwe bene ikiwa chini. Ikiwa juu, sehemu kubwa ya mafuta iko ndani ya vereni, tanki inaonekana tupu, msaidizi anaongeza litri 15 kwa nia njema, bene inashuka na mafuta yanamwagika kwenye udongo. Prizi, ile inayokamata nguvu ya moteri na kuzungusha pompi, inataka moteri izunguke kwa kipimo chake. Pompi inayotuma litri 60 kwa mizunguko 1500 inatuma 30 tu kwa mizunguko 750. Shofere anayeinua moteri ikiwa inalala atalalamikia pompi bure. Na yule anayekanyaga mpaka chini anaichoma. Axi za nyuma za bene zikikosa grisi zinalia na kukaza, pompi iliyochoka inachoka zaidi. Grisi haina bei ya kutisha.

Nitapita Ulaya kidogo, mnisamehe. Kule kuna magari madogo ya mchezo yenye paa la turubai linalojifungua lenyewe. Mercedes SL iliyotoka mwaka 1989 ni moja: unabonyeza, pompi ndogo ya umeme inatuma mafuta kwa vereni ndogo ndogo, na kwa karibu nusu dakika paa limeingia nyuma. Leo magari yale yamezeeka, na wenyewe wanalia kilio chetu: paa linapanda pole, linasimama katikati, mafuta yanatoka. Kitu cha kwanza wanachopima ni batri, kwa sababu batri dhaifu inazungusha pompi pole, sawa na sisi na mizunguko ya moteri. Kisha mafuta ya tanki. Kisha joini za vereni, ambazo miaka inazilainisha au kuzikausha, wanazitosha na kuweka mpya badala ya kununua vereni nzima. Tajiri anayefungua paa ili apigwe na jua anafuata mpango huo kwa subira. Sisi wenye tani za mawe juu ya kichwa tunaanza na visi!

Msimu wa mvua uliopita kulikuwa na kamio moja ya sutretani, jina lake silitaji, bene yake ilikuwa inazidi dakika mbili. Shofere alikuwa amepewa barua ya onyo juu ya turu. Kwanza tulisimama na kupima, mbele ya mekanisie na mbele ya msimamizi mmoja aliyekubali kuja. Tupu na yenye mawe zilikuwa karibu sawa, zote pole. Maana yake presio ilikuwapo, wingi ulikosekana. Asubuhi mbaya kuliko mchana. Mekanisie mzee alitikisa kichwa, akasema: "Papa delege, hii inakunywa kwa mrija uliobanwa." Walimwaga mafuta: chai ya maziwa. Filtri ya kuvuta ilikuwa imevaa uji mweupe, vumbi la chokaa na mayi, mgumu kama simenti ya siku mbili. Kifuniko cha tanki kilikuwa kimepotea zamani na mahali pake walifunga kitambaa. Na mpira wa kuvuta, ukiuangalia nje ni mzima, ukiubonyeza unalala. Pompi ikivuta, ulikuwa unajifunga wenyewe ndani.

Walisafisha tanki, wakaweka filtri, mpira mpya wenye waya ndani, mafuta mapya, na kifuniko cha kweli. Pompi haikuguswa. Visi haikuguswa. Jioni ile bene ilipanda kwa segonde 35 na mawe ndani. Barua ya onyo ilikamata muda mrefu kuliko kamio: majuma matatu ya kwenda na kurudi ofisini mpaka ikatoshwa kwenye dosie, na kilichoitosha ni ile karatasi ya segonde, yenye sahihi ya msimamizi.

Ba mama, maneno yanayofuata ni yenu pia. Mafuta yenye presio yakitoka kwa tundu dogo kama la sindano yanaingia ndani ya nyama ya mtu kupitia ngozi. Mtu anayetafuta mafuta yanapotoka kwa kupitisha mkono juu ya mpira anapigwa kwenye kidole, anasikia kama kuchomwa kidogo, anaona alama ndogo, haitoki damu nyingi. Anarudi nyumbani, anasema si kitu. Usiku kidole kinavimba, kinabadilika rangi, maumivu yanapanda mkononi. Ile ni kazi ya daktari wa kupasua, na ni ya saa chache. Akichelewa anaweza kupoteza kidole au mkono. Msipake majani, msikande na mayi moto, msingojee asubuhi. Mkifika hospitali msiseme "alijikata". Semeni wazi: mafuta ya presio yameingia ndani. Kidonda ni kidogo na muuguzi ambaye hajaambiwa anaweza kufunga bandeji tu. Na wewe mtumikaji, kutafuta mahali panapotoka mafuta tumia kipande cha karato au ubao, kamwe mkono.

Sasa bekiye, ule mguu wa chuma unaoshikilia bene ikiwa juu. Bene ya chuma, hata tupu, ina tani mbili au zaidi. Inayoishikilia ni mafuta ndani ya mpira mmoja. Mpira ukipasuka, au mtoto akicheza na mkono wa distribiteri, inashuka kwa muda ambao huwezi hata kuita jina la mtu. Kwa hiyo hakuna kichwa, hakuna bega, hakuna mkono chini ya bene kabla bekiye haijasimama mahali pake, na bene iwe tupu. Bekiye haikutengenezwa kwa bene yenye mawe. Gogo la mti si bekiye. Jeki si bekiye. Na moteri izimwe, ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeingia chini, si mfukoni mwa rafiki yake. Kamio nyingi zilitoka kiwandani na bekiye yake. Ilikatwa mahali fulani njiani ili chuma kiuzwe au kitengenezee kitu kingine. Kuichomelea tena si kazi ya siku tano.

Sheria iko upande wetu hapa, tuitumie. Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mahali pa kazi pawe na komite ya usalama, usafi na upendezi wa mahali pa kazi. Bene inayoshuka yenyewe ni jambo la ile komite, liandikwe kwenye ripoti yake kwa namba ya kamio na tarehe, si kusemwa tu chini ya mwembe. Ajali ikitokea itangazwe CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS. Watumikaji wa sutretani nao ni watumikaji. Wakiambiwa "nyinyi hamuhusiki", waje kwa delege, na delege aende kwa inspekteri wa kazi Kalemie na karatasi mkononi.

Wapo watakaosema kwamba delege anatetea uvivu na kusimamisha kamio. Nimeonyesha hesabu: kamio mbovu inamla patro nusu saa kila siku, na mpira wa kuvuta pamoja na filtri ni bei ndogo mbele ya pompi mpya inayopaswa kuletwa kutoka Lubumbashi, au Dar es Salaam kupitia Kigoma. Patro mwenye akili anaelewa haraka kuliko shefu wake.

Tunachoomba kwa mwezi huu ni kidogo. Kila kamio iwe na daftari moja, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isipotee. Kila Jumatatu shofere aandike segonde za bene tupu na segonde za bene yenye mawe, mekanisie aweke sahihi. Ikipita mara mbili ya kipimo cha kwanza, delege ajulishwe. Na kwa mkutano ujao wa sendika, delege wa kila timu alete namba za kamio zote zisizo na bekiye, tuzihesabu pamoja na kuzipeleka kwa komite siku ile ile.